Muulize Afande: Pesa za askari wa wikendi

Wasomaji wangu wa Kisumu, Kakamega, Bungoma na sisi wa hapa Nakuru, habari zenu. Tangu nitaje kwamba mtoto wa dada yangu ameingia rizavu, yaani jeshi la akiba la muda, huko Uingereza, barua hazijakoma, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: hawa watoto wetu wenye ujuzi, manesi, mafundi, watu wa kompyuta, wakiingia jeshi la muda wanalipwa nini cha juu? Mimi nilikaa ofisi ya mishahara jeshini miaka mingi kabla sijastaafu, kwa hivyo hesabu za alawansi naziskia kama vile mwingine anaskia mpira. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu imenigusa.

*Mulembe Afande. Kijana wangu wa pili ni nesi Marekani, alienda akasoma akapata kazi hospitali, sasa mwaka jana akaingia Army Reserve. Anasema yeye ni mtaalamu kwa hivyo kuna pesa ya juu, bonasi, pesa ya nyumba, na kulipiwa mkopo wa shule. Hapa Lurambi nimejenga nyumba imefika juu ya madirisha na nataka kuchukua mkopo wa sacco nimalizie, yeye amesema atakuwa ananitumia rejesho kila mwezi kutoka kwa hiyo pesa ya jeshi. Nichukue ama ningoje? Na mbona wiki zingine anasema hajalipwa na ni askari? – Mama wa nesi, Kakamega*

Mulembe sana mama. Usisaini hiyo fomu ya sacco bado, tuongee kwanza, juu kuna kitu kijana hajakueleza vizuri na sio kwa ubaya, wengi wao wenyewe hawakielewi mpaka waone pesilipu ya kwanza.

Rizavu hana mshahara wa mwezi. Analipwa siku aliyovaa yunifomu, basi. Huko Marekani Army Reserve na National Guard, ile rizavu ya majimbo, ni wikendi moja kwa mwezi na kama wiki mbili kwa mwaka, na ile wikendi inahesabiwa vipindi vinne vya drili, yaani mazoezi, viwili Jumamosi viwili Jumapili, alafu kila kipindi kinalipwa sehemu moja ya thelathini ya mshahara wa mwezi wa cheo chake. Tuchukue mfano tu: askari wa kila siku wa cheo hicho akiwa analipwa dola 3,000 kwa mwezi, kipindi kimoja ni dola 100, wikendi yote dola 400, na hapo kodi haijakatwa. Hiyo ndio pesa ya jeshi ya mwezi mzima. Vipindi ni 48 kwa mwaka, ongeza zile wiki mbili. Kwa hivyo akisema wiki hii hajalipwa hakudanganyi mama, hajavaa yunifomu wiki hiyo, mshahara wake ni wa hospitali.

Sasa hizo alawansi za utaalamu, nyingi zimekatwa na kisu hicho hicho cha thelathini. Nikupe mfano wa wale wa kuruka na parashuti, ambao kwa muda mrefu pesa yao ya hatari ilikuwa dola 150 kwa mwezi. Askari wa kila siku anaweka mfukoni 150. Rizavu, ambaye ameruka ndege ile ile, kutoka kimo kile kile, na mguu ukivunjika ni mguu ule ule, kwa miaka mingi alihesabiwa vipindi vinne juu ya thelathini, yaani dola 20. Ishirini! Wanajeshi wa rizavu wamelilalamikia hili miaka mingi na mimi naona wana haki kabisa, ujuzi haupungui juu umeutumia Jumamosi.

Pesa ya nyumba nayo, kwa wikendi za drili hakuna. Akiitwa kazini kwa amri ya siku 30 ama chini, anapewa kiwango kimoja ambacho hakiangalii kama anaishi mji ghali ama rahisi. Amri ikizidi siku 30 ndio sasa anapewa pesa ya nyumba kamili ya eneo lake kama mwenzake wa kila siku. Siku moja tu inabadilisha kila kitu, kwa hivyo usimuulize kijana analipwa ngapi, muulize amri yake ni ya siku ngapi.

Swali lingine la kumuuliza, na hili uliulize polepole asione kama unamchunguza: jeshini yuko kwa nafasi ya nesi kweli? Juu kuna watu wana leseni ya nesi ukutani lakini jeshi limewaandika kama dereva ama karani wa stoo, na hapo pesa ya unesi hawaoni hata kidogo. Pesa inafuata nafasi aliyoandikwa, cheti peke yake hakitoshi. Na hata kwa nafasi ya nesi kuna tofauti kubwa kati ya aliyeingia kama ofisa na aliyeingia kama askari wa kawaida. Alafu leseni lazima iwe hai, ikilala, alawansi inalala nayo.

Bonasi ipo, sitakudanganya, na kwa watu wa afya inaweza kuwa pesa ya maana sana. Lakini bonasi ya jeshi ni kontrakti. Anaahidi miaka kadhaa kwa yuniti fulani na kazi fulani, kodi inakatwa, na akitoka kabla ya wakati, ama akihama kwa kazi nyingine bila ruhusa, ile sehemu hajaifanyia kazi wanaidai irudi. Mama mimi nasema wanadai. Huko California, askari wa National Guard karibu 10,000 waliandikiwa warudishe bonasi walizopewa miaka ya vita vya Iraq na Afghanistan, wengi wao walikuwa wamepewa kwa makosa ya makarani wala hawakuiba chochote, na ni mpaka kelele zikapanda sana Oktoba 2016 ndio wakubwa wa Pentagon wakasimamisha kudai. Fikiria umejenga na pesa miaka kumi iliyopita alafu barua inakuja. Kwa hivyo kijana aweke nakala ya kila karatasi, na asome ile sahihi ni ya kazi gani na miaka mingapi.

Na ule mkopo wa shule, pesa hiyo haipiti mkononi mwake, inaenda moja kwa moja kwa waliomkopesha. Ni msaada mkubwa, lakini haiwezi fika Lurambi.

Sasa nikujibu. Nimeona kwa macho yangu, miaka ile ya ofisini, askari wetu wanarudi kutoka misheni ya nje, alawansi ya misheni inakatika mwezi huo huo, na mkopo waliochukua wakihesabu ile alawansi bado uko mwaka wa pili. Watu wazima walikuwa wanakaa kwa kiti changu wanalia. Sitaki ukae hivyo mbele ya karani wa sacco. Kama ni mkopo, upimwe na mshahara wake wa hospitali peke yake, kile anaweza kutuma hata jeshi likikosa kumuita. Ile pesa ya jeshi ikija, hasa bonasi, inunue mabati, milango, vitu vya kununua mara moja. Bonasi ni ya mabati mama, sio ya rejesho.

Na ujue kuna hali ambayo jeshi linamwita mwaka mzima na pesa inapungua badala ya kuongezeka. Sheria yao ya 1994 inamlindia kazi, akirudi hospitali lazima imrudishe, lakini haimlazimishi mwajiri wa kawaida kumlipa akiwa hayuko. Nesi wa huko analipwa vizuri, kuna wakati cheo cha jeshi hakifiki hapo, hata ukiongeza zile dola 225 kwa mwezi za kuwa mahali pa hatari. Muulizeni mapema.

Lakini usimkatishe tamaa, juu faida zingine za rizavu ni kubwa kuliko hizo alawansi. Utumishi wake unaweza kumpa njia fupi ya uraia. Akijifunga miaka sita kuna msaada wa masomo wa rizavu. Akifikisha miaka 20 mizuri, yaani ile jeshi linaihesabu, kuna pensheni, ingawa kawaida inaanza kulipwa akiwa na miaka 60. Na kuna bima ya maisha ambayo tangu Machi 2023 inafika dola 500,000, hiyo ina fomu ya kuandika nani atapewa. Kijana ambaye hajaoa aangalie ameandika nani. Najua ni ngumu mama kumuuliza mtoto jambo kama hilo kwa simu, kwetu ni kama kuita mkosi, lakini muombe kaka yake amuulize.

*Afande salama. Kaka yangu yuko Uingereza, ni mtu wa kompyuta na amejiunga na Army Reserve kwa yuniti ya wataalamu. Rafiki yake wa yuniti ya kawaida anafanya siku 27 na yeye 19 na bado anasema anangoja baunti. Baunti ni kitu gani na kama yeye ni mtaalamu si alipwe zaidi? Na akipelekwa vita na kazi yake inalipa kushinda jeshi itakuwaje? Alafu mimi naweza kuomba hiyo rizavu nikiwa hapa Kondele? – Mdogo wake, Kisumu*

Kijana, maswali yako ni mazuri na yote yanashikana.

Uingereza pia ni kwa siku, lakini wanakata siku vizuri zaidi. Akienda jioni moja ya treningi ya masaa mawili anapata robo ya siku, akifanya masaa manane anapata siku nzima. Mtoto wa dada yangu jioni ya Jumanne anatoka kazini, anaenda senta ya treningi, anarudi saa nne usiku akiwa na ile robo ya siku yake. Yuniti za kawaida za mtaani zinataka angalau siku 27 kwa mwaka, hizo za wataalamu zinazochukua watu kutoka nchi nzima zinataka 19, juu wanajua mtu kama kaka yako ujuzi wake anaufanyia mazoezi kila siku kazini kwake, jeshi halihitaji kumfundisha kompyuta, linahitaji kumfundisha kuwa askari. Hapo ndipo faida ya mtaalamu ilipo: siku chache. Usifikirie lazima utaalamu uonekane kama noti ya ziada.

Baunti ni zawadi ya mwaka, na uzuri wake haikatwi kodi. Mwaka wao wa treningi unaisha 31 Machi, na kama amefikisha siku zake na amepita majaribio yote ya mwaka, kukimbia, kulenga shabaha, huduma ya kwanza na mengine, anapewa cheti cha kufuzu na baunti inaingia. Mwaka wa kwanza ni kidogo, inapanda mpaka mwaka wa tano inakuwa ya maana. Akikosa jaribio moja hapati, hata kama siku amefikisha. Nimemwambia wetu mara nyingi, usiache kulenga shabaha mpaka Machi, mvua ya huko itakufunga. Kwa hivyo kaka yako hangoji bure, na wewe usimpigie simu Februari kuomba pesa, mpigie Mei.

Kitu kingine watu hawajui. Kwa mshahara wa jeshi la Uingereza kuna nyongeza wanaita X-Factor, ni fidia ya ugumu wa maisha ya askari, kuhamahama, kukaa mbali na familia, hatari. Askari wa kila siku anaongezewa asilimia 14.5. Rizavu kwa treningi zake za kawaida, asilimia 5. Hii naikubali zaidi kuliko ile ya parashuti ya Marekani, juu rizavu kweli analala kwake siku nyingi. Na akiitwa vitani anahesabiwa kama wale wengine.

Hapo sasa kwa kuitwa vitani ndio Uingereza wamefanya kitu ningependa nchi zote zifanye. Tangu 2005 kuna kanuni kwamba rizavu akiitwa na mshahara wake wa kiraia ni mkubwa kuliko wa jeshi, anaweza kuomba alipwe ile tofauti. Kuna kikomo, pauni 548 kwa siku kwa wengi, na madaktari bingwa wa hospitali za umma kikomo chao ni pauni 822. Ona hiyo, daktari bingwa haambiwi achague kati ya nchi na ada ya watoto. Mwajiri naye anaweza kudai gharama za kuweka mtu mwingine kwa nafasi, hadi pauni 110 kwa siku, na sheria ya 1985 inalinda kazi yenyewe. Lakini hii tofauti haiji yenyewe, lazima aiombe na alete pesilipu. Mwambie kaka yako aanze leo kuweka pesilipu zake za kazi kwa faili, asingoje barua ya kuitwa.

Kuhusu wewe na Kondele: rizavu ni ya mtu anayeishi huko, utaendaje treningi Jumanne jioni ukitoka Kisumu? Jeshi lao la kila siku ndilo linachukua watu wa Jumuiya ya Madola, na tangu 2018 waliondoa lile sharti la kukaa kwao miaka mitano kwanza. Hiyo ni njia tofauti na ni kazi ya kila siku, usizichanganye.

*Afande, binti yangu yuko National Guard. Ni kweli kwamba Kiswahili kinaweza kumletea pesa? Nimefundisha Kiswahili miaka 24 na sijawahi kusikia jambo tamu kama hilo. – Mwalimu, Bungoma*

Ni kweli mwalimu, na nimefurahi kwa niaba yako. Jeshi la Marekani lina bonasi ya lugha za kigeni, kisheria inaweza kufika dola 1,000 kwa mwezi na isizidi 12,000 kwa mwaka, na rizavu na Guard nao wanaweza kuipata. Kuongea tu haitoshi. Lugha iwe kwenye orodha ya jeshi lake, alafu akae mtihani wa kusoma na kusikiliza, au wa kuongea, na aurudie kila mwaka kawaida. Anayelipwa vizuri ni yule wa alama za juu. Kiswahili wanakijua vizuri, wakati walipokuwa na ule mpango wa MAVNI wa kuchukua watu wa lugha na wa afya hata bila grinkadi, kile kibali cha kukaa huko daima, Kiswahili kilikuwa kwenye orodha na Wakenya wengi waliingia hivyo, mpaka ulipofungwa 2016. Muhimu mwalimu, binti akae mtihani na Kiswahili sanifu. Wengi wa watoto wetu wanaingia pale na Kiswahili cha mtaani, kusikiliza wanapita, kusoma habari ya uchumi ama sheria wanaanguka. Mtumie magazeti na umpigie simu Jumamosi umsomeshe. Wewe ndiye alawansi yake.

*Niaje Afande, mimi ni wa maabara, natoka Free Area hapa Nakuru. Nataka kuwa mtaalamu wa muda KDF, niendelee na kliniki yangu wiki alafu wikendi niende kambi ya Lanet. Marupurupu yakoje? – Dada wa maabara*

Mwanangu, kwetu mpango huo wa wikendi haupo. Sheria ya KDF ya 2012 inataja rizavu, lakini usifikirie ile ya Uingereza ya jioni na robo siku. Wataalamu wanaotangaziwa nafasi, madaktari, mainjinia, watu wa maabara, ni maofisa wa kila siku, wanaingia mafunzo na kliniki inabaki na mtu mwingine. Wengine watakuambia jaribu polisi wa akiba. Hiyo ni ya polisi, haina uhusiano na maabara, na kwa miaka mingi hao watu wa akiba kule Baringo na Turkana walibeba bunduki wakilinda ng'ombe na shule bila mshahara wowote, jambo ambalo mpaka leo linaniuma.

Natamani sana Kenya ingekuwa na kitu kama hicho unachokiota. Tuna manesi na wataalamu wangapi hapa Nakuru wangejitolea wikendi, na siku ya mafuriko ama ajali kubwa Salgaa wangekuwa tayari wamefundishwa na wako kwa orodha? Andika hilo kwa mbunge wako, mimi nimeshaandika kwa wangu.

Na kama una mpango wa kwenda ng'ambo kwanza uchukue uraia wa pili alafu urudi uombe KDF, soma katiba kifungu cha 78, mwanajeshi wa Kenya haruhusiwi uraia wa nchi mbili. Chagua mapema.

*Afande nisaidie haraka. Kuna broka hapa Busia anasema ana nafasi za rizavu ya Marekani za watu wenye ufundi, welda na umeme, mshahara na alawansi laki nne kwa mwezi, unatoa 180,000 ya fomu na viza. Baba anataka kuuza ng'ombe wawili. – Fundi, Busia*

Fundi, mwambie mzee ng'ombe wabaki zizini. Jeshi la Marekani halichukui mtu aliye Busia. Lazima uwe raia ama una grinkadi, na anayekuandikisha ni askari mwenye ofisi, hachukui hata senti. Na umeshasoma hapo juu vile rizavu analipwa, wikendi moja kwa mwezi, hiyo laki nne ya kila mwezi inatoka wapi? Mtu anayekuahidi alawansi za rizavu kwa mwezi hajui rizavu ni nini.

Alafu kuna hofu nyingine. Mwaka 2025 serikali yetu yenyewe ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wameingia jeshi la Urusi, na kuna waliosema waliahidiwa kazi za kawaida tu. Fundi wa umeme anaondoka Busia akijua anaenda kuunganisha nyaya, anajikuta kwenye mtaro wa vita. Karatasi yoyote ya jeshi ambayo iko kwa lugha huwezi kusoma, usitie sahihi hata kama ndege iko uwanjani.

Ikiwa mmeshatoa chochote, meseji za M-Pesa msizifute na namba ya huyo broka msimblock, nendeni DCI, kwa wapelelezi wa polisi, na simu yenyewe. Na kama yuko mwenzako ambaye ameshalipa na anaona aibu kusema, nenda naye.